Maskini wa Kumi

Mji wa Kale, Mombasa
Jumapili, 14 Mei 2023

Kwa mwanangu Yumna,

Assalam aleikum. Mimi sijambo, namshukuru Mola, ila goti la kushoto limeanza ukorofi na ngazi za nyumba hii zinalisaidia kunitesa. Natumai wewe u mzima, na hicho kilichomo tumboni ki kizima. Ndiyo, nimeshajua. Ami yako Saif alikuja juzi kunywa chai, na mtu yule siri haimkai. Hata kikombe hakijapoa alikuwa ameshasema mimba ni ya miezi minne.

Usishangae kupata barua badala ya simu. Siku ile ami yako alipokuozesha bila ridhaa yangu, niliapa mbele ya watu kwamba sitasema nawe kwa kinywa changu, wala sitalipanda gari la moshi analofanyia kazi mumeo, maadamu u mke wake. Yamini ni yamini. Lakini mkono sikuuapia, na jambo lenyewe haliwezi kungoja.

Mimba ya kwanza huzaliwa kwao mwanamke. Mimi nilikuzaa humu, mamangu alinizaa humu, katika chumba hicho hicho cha juu chenye dirisha la Ndia Kuu. Utakuja mwezi wa nane, uzae, ukandwe, unywe uji wa pilipili manga, ukae arubaini yako kama mtoto wa watu. Mkandaji nimeshamwambia. Utakuja kwa basi, na utakuja peke yako.

Hilo gari lenu la moshi lisilokuwa na moshi usiniletee hadithi yake. Kila mtu analisifu ati linaunganisha miji miwili mikubwa. Linaunganisha nini? Linaondoka Miritini, na Miritini si Mombasa, Mombasa ni kisiwa. Linaishia Syokimau, na wewe mwenyewe uliniambia Syokimau si Nairobi. Mabilioni yote hayo, na halijafika mji hata mmoja. La zamani lilikuwa bovu lakini lilikuja mpaka mjini, likatushusha mimi na babako marehemu tukaenda nyumbani na mizigo yetu kichwani mwa hamali.

Barua hii nampa huyo mumeo, mhudumu wa behewa, kwa kuwa kila Jumapili akishushwa huku huja kukaa kwenye baraza yangu, na hakuna aliyemwita. Namteremshia kwa kikapu kutoka dirishani, kama ninavyomteremshia muuza ndimu. Huku si kwao Mariakani, ambako mtu hujiingilia tu.

Mamako,
Ummukulthum


Syokimau
Jumapili, 28 Mei 2023

Mamangu mpenzi,

Waaleikum salam. Nakubusu mkono kwa mbali, maana kwa karibu umekataa. Mimi sijambo, miguu inavimba kidogo jioni. Goti lako lisugue kwa mafuta ya karafuu, usilizoeshe kulalamika.

Kikapu kimefika. Ndani mlikuwa na barua, na hamkuwa na hata hamri moja. Mama, mtu hutoka Syokimau alfajiri, akawahudumia abiria mpaka Miritini, akapanda matatu mbili kuja kukuamkia, akakaa juani saa nzima kwenye baraza yako, na hapewi maji? Hata muuza ndimu hupewa maji. Najua, nilikuwa nikitumwa mimi kumpelekea.

Nimekwisha kukasirika kwa niaba yake, kwa sababu yeye hakasiriki. Nilipomuuliza amekuonaje, Kazungu alisema, "Mamako ni mwanamke wa sitara, hateremki kwa wanaume." Kikapu kwake ni adabu. Usiniulize kwa nini ana roho hiyo, mimi sina, mimi ni mtoto wako. Amesilimu mwaka wa pili sasa, na Yasini anaisoma akiwa kazini, kati ya stesheni na stesheni, huku anawaonyesha watu viti vyao. Wewe unamwita wa Mariakani. Mariakani ni mwendo wa saa moja kutoka mlangoni kwako, na hujawahi kufika.

Natamani kuzaa katika chumba cha juu. Natamani mno, mama, na ninaogopa, hapa sina mtu. Lakini sharti langu ni moja. Nitakuja na mume wangu, kwa gari lake, na ataingia kwa mlango na kulala ndani ya nyumba. Akibaki nje, na mimi nabaki huku.

Mwanao,
Yumna


Mji wa Kale, Mombasa
Jumapili, 11 Juni 2023

Kwa mwanangu Yumna,

Assalam aleikum. Sijambo, na goti halijambo, na mafuta ya karafuu nilikuwa nikiyajua kabla hujazaliwa.

Sharti? Mtoto humpa mamake sharti? Ama kweli mtoto akililia wembe mpe. Kaa na wembe wako.

Hebu nikwambie nililosikia kuhusu gari lenu, nicheke kidogo. Binti wa jirani Mejumaa alilipanda mwezi uliopita. Anasema kabla ya kuingia, abiria mnapangishwa mistari na kuambiwa mweke mizigo chini, kisha analetwa mbwa. Mbwa, Yumna. Anapita akinusa sanduku moja moja, na watu wazima wamesimama wanamtazama kwa heshima. Mimi sanduku langu lina msala na leso zangu za kusalia. Mbwa akilitia pua yenye mate itabidi nilikoshe mara saba, moja kwa mchanga, na hapo sijakaa hata kwenye kiti. Kisha gari likija, ati wahudumu wanasimama wima wanalipigia saluti. Nilicheka mpaka nikakohoa. Mtu mzima anapigia chuma saluti, halafu anataka kuitwa mkwe.

Na huyo Mejumaa naye amepatwa na wazimu. Jumapili iliyopita alimtolea mumeo kahawa na halua, kwenye baraza yangu, mbele ya mtaa. Watu walipita wakaona mgeni wa nyumba hii analishwa na nyumba ya pili. Nilimpigia kelele kutoka dirishani, akanijibu kuwa yeye anafuata Mtume wala hafuati mimi. Tangu hapo hatusemezani. Ukitaka kujua ni nani aliyeniharibia jirani wa miaka thelathini, ni huyo mumeo na ule ukaaji wake.

Njoo peke yako. Chumba nimeshakipaka chokaa.

Mamako,
Ummukulthum


Syokimau
Jumapili, 23 Julai 2023

Mama,

Assalam aleikum. Natumai u mzima. Mimi si mzima sana, ndiyo maana nimenyamaza wiki zote hizi.

Presha ya damu imepanda. Daktari amenilaza siku kadhaa kisha akaniruhusu nyumbani kwa sharti nisisafiri, si kwa basi, si kwa treni, si kwa miguu. Nizae huku karibu na hospitali. Kwa hivyo sharti langu na lako yote yamekwisha, hakuna aliyeshinda.

Kazungu ameomba zamu fupi. Anapika, anafua, ananikanda miguu vibaya lakini ananikanda. Mamake, Bi Mbodze, alitaka kuja kuniuguza, nikamwambia angoje kwanza. Nilikuwa na haya kumwambia sababu. Sababu ni kwamba nakutaka wewe.

Njoo, mama. Usiku nikishikwa na kichwa naogopa nitakufa bila kuisikia sauti yako. Nakwambia bila mzaha na bila kejeli. Ulikula yamini, na mimi sijui dini kukushinda, lakini kama kuna njia ya kutoka ndani yake, itafute.

Basi la abiria goti lako halitaliweza, ni saa nyingi mno. Gari hili ni saa tano tu, na choo kimo humo humo.

Mwanao,
Yumna


Mji wa Kale, Mombasa
Jumapili, 6 Agosti 2023

Mwanangu Yumna, tabibu wako awe Mola,

Assalam aleikum. Barua yako niliisoma nimesimama, nikaketi, nikaisoma tena. Mtu hafi kwa kichwa. Kunywa maji, lala ubavu wa kushoto, chumvi usiiguse.

Nakuja. Nimekwenda kwa Mwalimu Mzamil kumuuliza, mtu akiapa kisha akaona kheri iko upande wa pili afanyeje? Akasema aivunje yamini na atoe kafara, alishe maskini kumi chakula cha wastani anacholisha watu wa nyumba yake. Nikamwambia nyumba hii wastani wake ni pilau.

Basi leo nimepika. Maskini niliwaita kutoka mlangoni mwa msikiti, wazee wale wale unaowajua, na baada ya adhuhuri wakaja, nikawaandalia masinia mawili dakani, hapo ukumbi wa kuingilia. Kuwahesabu, tisa. Wa kumi, mzee kipofu wa Makadara, ameshikwa na homa hakuja. Pilau inapoa, sina pa kumpata mwengine. Nikachungulia dirishani, na nani amekaa barazani na shati lake la kazi? Mumeo.

Nikasema, alhamdulillahi, Mola amenirahisishia. Nikamtuma kijakazi akamwite, akavua viatu, akaingia, akaketi pale pale kwenye nafasi ya kumi, kati ya mzee asiye na meno na yule anayevuja jicho. Alipiga bismillahi kwa sauti mpaka wenzake wakamgeukia. Alikula vizuri, siwezi kumsingizia. Mwaka mzima ananililia mlango wangu, leo ameupata, na kwa hesabu yangu hajatoka kwenye fungu lake. Mtu asiye na kwao mjini ni maskini, hata avae kofia ya kampuni.

Kwa hivyo yamini imetoka. Jumamosi nitapanda hilo gari, na mbwa anuse atakavyo. Barua hii nampa yeye akuletee, ili ujue kabla sijafika kwamba nimekuja kwa ajili yako tu. Yeye nimeshamlipa kwa sahani.

Mamako,
Ummukulthum


Syokimau
Jumanne, 8 Agosti 2023

Bi Ummukulthum,

Assalam aleikum. Hali yangu usiiulize.

Nitakueleza alivyorudi Kazungu juzi usiku. Hakuvua hata kofia. Alisimama mlangoni akasema, "Yumna, leo mamako amenikaribisha ndani." Nikadhani nimesikia vibaya. Akanieleza yote, daka lako, masinia, wazee. Anasema una watu wako wa siku zote unaowalisha, nawe ukamweka pamoja nao kama mtu wa nyumba. Mzee asiye na meno alimchagulia nyama laini kwa mkono wake mwenyewe, na Kazungu akaona hiyo ni heshima kubwa, mzee kumchagulia kijana. Mkono hakuunawa kwa sabuni. Aliuleta safari nzima vile vile ili niunuse, nisikie harufu ya pilau ya kwetu. Nikaunusa.

Kisha akatoa barua yako mfukoni mwa shati. Ilikuwa imekaa upande wa moyo, mama, imechukua joto lake. Akaketi mbele yangu akinitazama nikiisoma, akaniuliza unasemaje.

Nikamwambia unamsalimu.

Yeye ni mgeni katika dini, kafara ya yamini hajapata kuisikia. Mimi nimezaliwa kwako, nimekulia kwenye masinia hayo, najua kumi ni nini. Ulimkaribisha mume wangu kula kwa mara ya kwanza, na ulimkaribisha ili umhesabu. Angekula nyumbani kwa adui angeheshimiwa zaidi.

Jumamosi usije. Sikutaki. Na simu usinipigie, kama yamini yako imetoka, yangu imeingia. Nimemwambia Bi Mbodze aje, na amefika asubuhi hii na kuku wawili na muhogo. Ananikanda miguu sasa hivi ninapoandika. Hajui kukanda kikwetu, lakini hakuniuliza kwanza mimi ni nani.

Yumna


Mji wa Kale, Mombasa
Jumapili, 3 Septemba 2023

Mwanangu Yumna,

Assalam aleikum. Natumai damu imeshuka. Nauliza, hata kama hutaki niulize.

Barua hii nimeituma kwa basi. Mumeo amekuja Jumapili zote kama kawaida, nami nimekaa juu sikuchungulia. Leo aliita kutoka chini, "Mama, hujambo?" Alikuwa amebeba papai. Ameliacha kwa Mejumaa.

Mejumaa ameshajua. Kijakazi alimhadithia, naye akaja, akatufungia mlango tukiwa wawili, akaniambia maneno ambayo hakuna mtu aliyeniambia tangu mamangu kufa. Alisema mimi ninajidai mwenyeji, na ukarimu wenyewe sijui hata ulipo mlango wake. Mimi nimezoea kudharau, sikuzoea kudharauliwa, na nakiri hakuna chakula kibaya kama hicho.

Nikarudi kwa Mwalimu Mzamil kumuuliza kama kafara ilisihi na kukubalika. Akaniuliza maskini walikuwa kina nani, nikamwambia. Nilipofika kwa wa kumi akanisimamisha. Akaniuliza mtu mwenye kazi na mshahara, anayelisha mke, amekuwa maskini lini? Nikasema amekaa nje ya mlango wangu mwaka mzima. Akasema hilo ni tatizo la mlango. Kisha akacheka, Yumna. Mwalimu Mzamil, ambaye hacheki hata Idi.

Basi kafara ilikuwa ya watu tisa, na yamini bado ilikuwa shingoni. Nimemlisha kipofu wa Makadara, homa imemwacha. Sasa imetoka kweli. Ningeweza kukupigia simu leo, lakini umenikataza.

Gari lile silipendi na sitalipenda. Lakini nitalipanda, nipangishwe mstari, na kama atakuwa yeye anayeonyesha viti, anionyeshe changu. Niite tu. Chumba cha juu kimekaa na chokaa yake, hakina mtu.

Mamako,
Ummukulthum


Syokimau
Jumapili, 15 Oktoba 2023

Mama,

Assalam aleikum. Nimejifungua siku sita zilizopita, salama, baada ya shida kubwa. Nilikuita wewe chumba kizima kikasikia. Aliyenishika mkono ni Bi Mbodze.

Ni mtoto wa kike. Ana kidevu chako, na akinyimwa ziwa ana hasira yako.

Kwao Kazungu, msichana wa kwanza huitwa kwa jina la mamake mume. Ndiyo desturi yao, haina mjadala, na Bi Mbodze alikuwa amelingojea jina lake tangu mwanawe aoe. Siku ya tatu Kazungu alimketisha, akamwomba radhi. Akamwambia anataka mtoto aitwe Ummukulthum, kwa sababu mama mkwe aliyekuwa hamtaki alijishinda nafsi yake, akamfungulia mlango na kumlisha kwa sinia moja na wazee wake, na mtu akikufanyia hivyo humlipi kwa kitu kidogo. Bi Mbodze akamtazama mtoto. Kisha akasema aliyemlisha mwanangu ni ndugu yangu, apewe.

Nilikuwa kitandani nasikia. Nilimwita Kazungu, nikakusudia kumwambia yote, alikate jina hilo na asilitaje tena nyumbani mwangu. Barua yako iko chini ya godoro, ningempa asome mwenyewe. Akaja na mtoto mkononi, anamwambia, "Lala, Bi Kulthum, mbona mkali hivyo?" Nikamwambia aniletee maji.

Kesho tunamnyoa na kumchinjia. Huyu aliyekuletea barua hii ameomba mwenyewe aje kukupa habari, na leo atarudi na gari la alasiri. Ukitaka kuja naye, njoo. Atakubebea sanduku, atakushika mkono kupanda, na njia nzima atakushukuru. Utakaa saa tano unashukuriwa, mama, na ni juu yako utamjibu nini. Mimi sitakusaidia.

Bado sijakusamehe. Yeye hana la kukusamehe, kwa sababu hajui.

Mwanao,
Mama Kulthum